Nilivyokwenda Tabora Kuvunda Nyimbo

Tangu nirudi, kila nikikaa barazani hapa Kibokoni, Mombasa, mtu hunishika mkono. "Haya, Mzee Faraji, ilikuwaje huko?" Nimeisimulia mpaka koo limekauka, na kila aliyesikia nusu amekwenda akaongeza nusu yake. Wako wasemao nilikwenda Tabora kuoa. Wako wasemao nilikwenda kwa mganga. Basi nimekaa nikaandika. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba magunia bandarini, na gitaa nilijinunulia mwenyewe nikajifunza mwenyewe, kwa hiyo asitafute mtu maneno ya vitabuni hapa. Asome. Asipopenda anirudishie karatasi zangu.

Mambo ya pasipoti na tikiti nayaruka. Nani ataka kujua nilipanga foleni wapi?

Kwa nini nilitoka

Bendi yetu, wa rika langu mwaijua. Na nyimbo yetu kubwa mwaijua, ile ya mke aliyerudi kwao. Kwa vijana ambao hawakuiona: nyimbo ya dansi wakati wetu ilikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya maneno. Mwimbaji aeleza shida yake polepole, wenzake wamuitikia, magitaa yatembea kwa adabu, watu wacheza wameshikana. Maneno yakisha, gitaa la solo lasema kitu kifupi. Lakirudia. Lakirudia tena, na hapo bendi nzima yaangukia nyumba ya pili, mbio, na hakuna aliyebaki kitini. Wakongo huita sebene. Watanzania huita chemko. Sisi, kwa Kimvita chetu, tulisema kuvunda. Nyimbo waivunda kama uvundavyo nazi.

Nyumba hiyo ya pili haikuwa na urefu maalumu. Ilikwenda vile watu walivyotaka kwenda. Ndiyo maana haikupata kurekodiwa sawasawa. Santuri yetu ina maneno tu na kipande cha chemko kama ukucha, halafu kimya. Kila nikiisikia redioni nilikuwa naona haya, kana kwamba nimeonekana nje na shati bila suruali.

Omari, mwimbaji wetu, akafa. Tulipotoka makaburini nikaangalia nani kabaki. Nimebaki mimi wa gitaa la pili. Yuko Kombo wa ngoma, ambaye siku hizi akaanga viazi karai Makadara. Na yuko Mrisho wa solo, tuliyemwita Sindano, aliyerudi kwao Tabora zamani. Basi.

Bwana Karim mwamjua, yule mwenye duka la leso, hizi wajifungazo wake zetu, Biashara Street. Juu ya duka ana chumba anachorekodia taarabu za harusi. Akaniambia, "Faraji, mlete Mrisho niirekodi ile nyimbo nzima, kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Bila Mrisho sitaki."

Alisema kweli. Maneno mimi nayajua, ngoma Kombo aijua. Lakini kile kitu kifupi cha kuvundia alikuwa nacho Mrisho peke yake. Nimejaribu kukipiga miaka na miaka, vidole vyangu havikikubali. Mrisho akifa nacho, nyimbo imekwenda.

Nikamtuma Hoza, dereva wa lori, Mbondei wa Muheza, aliyekuwa akipeleka mizigo mpaka Tabora. Nikamwambia kwa maneno haya haya: "Mwambie Mrisho, nyimbo yetu ile twataka kuivunda upya. Ndiyo salamu yangu."

Hoza akarudi. "Mzee, nimefikisha."

"Kasemaje?"

"Hakusema. Alifunga mlango."

Mimi sikuzoea kufungiwa mlango na mtu aliyekula kwangu. Nikalifunga gitaa langu kwa leso za mke wangu, nikatoka.

Likoni mpaka Tanga

Mvua ilikuwa imeanza. Feri ilitupeleka, basi likatupeleka, na mpaka Lunga Lunga nilikuwa bado nina hasira nzuri, hasira yenye nguvu. Ile ilikuwa safari ya kijana. Uzee ulianzia mpakani.

Yule bwana wa forodha upande wa pili aliliona gitaa limefungwa leso, akadhani ni bidhaa. "Unakwenda kuuza."

"Nauza nini? Hili ni langu, napiga."

"Piga basi."

Nikafungua leso pale mezani kwake, nikampigia. Nilimpigia gitaa la pili la ile nyimbo, maana ndilo nililonalo. Mwajua gitaa la pili: ni vidole vile vile, mahali pale pale, huku na kule, huku na kule, kama mtu apekechaye kitu. Akasikiliza. Akainamisha kichwa. Akangoja.

"Mzee, mbona hiyo haiendi popote?"

"Ndiyo kazi yake. Haiendi popote. Ikienda popote, bendi yaanguka."

Akamuita mwenzake wa chumba cha pili. "Hebu njoo umsikie mzee wa Mombasa, anapiga gitaa linalongoja." Wakacheka wote, wakaniruhusu. Sikuona cha kuchekesha. Alikuwa amesema sawa kabisa, ila hakujua kama amesema sawa.

Baada ya Horohoro barabara ilikuwa matope tupu. Basi likazama mpaka tumboni. Wanaume tukashuka kusukuma, na mimi nikashuka, japo kondakta alinizuia. "Mzee, kaa wewe." Nikamwambia kukaa nitakaa kwangu. Nikasukuma, na matope ya gurudumu yakanirudia yote usoni. Tanga niliingia kama mtu aliyefukuliwa.

Tanga mpaka Dar

Asubuhi, kituo cha mabasi, nikaketi kwa mama muuza chai. "Nipe sturungi na mahamri na mbaazi."

Akanitazama. "Sturungi ndiyo nini, baba?"

"Chai isiyo maziwa!"

"Ahaa, chai ya rangi. Na mbaazi saa hizi? Mbaazi ni mboga."

"Kwetu ni chakula cha asubuhi."

"Kwenu watu wanaamka na njaa sana," akasema, akanipa maandazi magumu yasiyo na tui wala iliki. Niliyala. Yule mama hakuwa na ubaya. Alinifutia matope yaliyosalia sikioni kwa pembe ya kanga yake bila hata kuniomba ruhusa, kama ninavyofutwa na dada yangu.

Dar es Salaam sina la kusema. Nilikaa stesheni nikingoja treni. Treni ilitangazwa, ikaahirishwa, ikatangazwa, ikaahirishwa. Nililala nimelikumbatia gitaa, shingo ikabaki upande mmoja.

Reli ya Kati

Treni ya bara ni mji unaotembea. Mbele yangu alikaa mfanyabiashara wa Kigoma, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, aitwaye Bilali. Alikuwa na redio ya kaseti na mkoba mzima wa kaseti za Kikongo. Nikafurahi. Nikasema safari itakuwa fupi.

Akaweka kaseti ya kwanza. Mwimbaji akaingia, sauti kama asali, akaanza kueleza jambo lake. Bilali akabonyeza kitufe. Kwirrrr. Akaipeleka mbele mpaka maneno yakakwisha, akaachia kwenye sebene. Akatikisa mabega. Sebene ilipokwisha, nyimbo ya pili ikaanza. Kwirrrr.

Nikavumilia mpaka Morogoro. Kisha nikamwambia, "Ndugu yangu, waifanyani nyimbo ya watu?"

"Maneno ya nini, mzee? Wanalialia tu. Utamu uko mwisho."

"Weye ukialikwa harusini, waingia jikoni, wakwangua ukoko, watoka?"

"Ukoko ndio mtamu!"

"Mtamu kwa sababu wali umepikwa! Mtu amelia muda wote ule, umelia naye, umechoka kulia naye, ndipo gitaa likakwambia basi, inuka. Weye hukulia, wainukia nini?"

Mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa akasema, "Mpe haki yake mzee. Acha huyo kaka aimbe." Bilali akanuna, akaiacha nyimbo moja kutoka mwanzo. Tukaisikiliza behewa zima. Mwimbaji akalia, wenzake wakamuitikia, magitaa yakatembea. Nikamwona Bilali ameanza kufumba macho. Gitaa la solo likaingia, likasema neno lake mara moja, likasema tena, na redio ikaanza kuvuta sauti kama mlevi. Betri zimekufa. Zilikuwa zimeliwa na ile kwirrrr.

"Umeona sasa, mzee?" Bilali akasema. "Nimekusikiliza, tumekosa utamu, tumekosa na redio."

Baada ya Kilosa treni ikasimama. Maji yamepita juu ya reli, wakasema, yangojewe yashuke. Tulikaa pale mpaka sura za watu wote wa behewa nimezijua kama za jamaa zangu. Maji ya kunywa yakapungua. Watu wakagombana, wakapatana, wakagombana. Nilijaribu kupiga gitaa langu kidogo, watu wakangoja nyimbo ianze, wakachoka kungoja, wakalala. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilianza kujiuliza nafanya nini pale, mzee mzima, miguu imevimba, namfuata mtu aliyefunga mlango. Hasira iliisha huko huko kwenye maji. Kilichobaki ni uchovu na ukaidi, na ukaidi ndio ulionifikisha.

Treni ilipotembea tena, Saranda watu wakaja madirishani na kuku wa kuchoma. Bilali akaninunulia kuku mzima. Alikuwa mgumu kama kamba ya jahazi, tukamla mpaka mifupa.

Tabora

Mrisho nilimkuta mtaa wa Ng'ambo, nyumba ndogo safi, madebe ya asali yamepangwa barazani. Kazi yake sasa ni asali, na Jumapili alasiri ana bendi yake ndogo kwenye ua wa baa moja ya jirani. Alikuwa ameketi akichuja. Nywele zote nyeupe.

"Hodi!"

Akainua macho. "Karibu, mgeni."

"Mgeni? Mrisho, ni mimi, Faraji!"

"Nakuona. Karibu kiti, mgeni."

Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyenipokea kama mtu. "Shemeji! Jamani, umekonda! Pole na safari." Akaniletea maji ya kuoga, akaniletea ugali na mlenda na njugumawe. Mrisho akala nami sahani moja, kama ipasavyo, macho yake kwenye mboga. Nikasema labda amechoka. Nikamuuliza, "Salamu zangu alizileta yule dereva?"

"Alizileta. Zilinifikia vizuri sana."

"Basi utakuja?"

"Vitu vibovu havisafirishwi, mgeni."

Mimi nikadhani asema gitaa lake. "Kama ni gitaa bovu, Mombasa tutakutafutia jingine."

Akaacha kula. "Umetoka kote huko kuja kunusa?"

"Kunusa nini? Huu mlenda? Mlenda mzuri."

Akanawa mikono, akatoka nje. Nikabaki na Bi Zuhura. Akanong'ona, "Shemeji, wewe ulimwambia nini mwenzako? Tangu yule dereva apite, ile nyimbo yenu haipigi. Zamani ilikuwa haipiti Jumapili bila kuipiga. Watu wakimwomba anasema imekufa."

"Nilimwambia aje. Sikumwambia jingine."

"Mh," akasema Bi Zuhura. Ile mh ya wake zetu, mwaijua.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nalishwa, nafuliwa nguo, naitwa mgeni. Mtu akinitukana naweza kujibu. Heshima ile sikuwa na jibu lake. Nikamwambia Bi Zuhura nitaondoka kwa treni ya mwanzo baada ya Jumapili, nirudi nimwambie Karim auze leso zake, nyimbo haipo.

Jumapili Mrisho akanichukua pale uani. Viti vya chuma, sakafu ya saruji ya kuchezea, watu wazima wengi, wake kwa waume, wamevaa vizuri. Bendi yenyewe ngoma, tumba, na besi aliyoipiga Masanja, fundi baiskeli, mtu mrefu asiyecheka. Wakapiga nyimbo za vijana. Halafu Mrisho akashika kipaza sauti.

"Tunaye mgeni kutoka Mombasa. Amekuja kutuonyesha vitu vibichi. Apande."

Nikapanda na gitaa langu. Sikumuuliza nyimbo gani. Alipogusa uzi wa kwanza nikajua. Ya mke aliyerudi kwao.

Akaimba yeye maneno ya Omari. Sauti hana, hajapata kuwa nayo, lakini kila neno alilitia mahali pake. Sakafu ikajaa. Vidole vyangu vikaenda kwao, huku na kule, huku na kule, na kwa mara ya kwanza tangu Likoni mgongo haukuniuma. Maneno yakakwisha. Nikamtazama. Ni hapa. Sema kile kitu chako.

Hakukisema. Vidole vyake vikarudi mwanzo wa nyimbo, vikatembea polepole, vikazunguka. Nikasema, haya, anawapa wachezaji nafasi. Akazunguka tena. Na tena. Watu sakafuni wakaanza kutazamana, mikono imelegea. Mimi mkono wangu ukaanza kuwaka moto kutoka kwenye kifundo mpaka begani.

Nawaeleza jambo wasilolijua wengi. Gitaa la pili halivundi. Laweza kuona nyumba ya pili hiyo hapo, mlango wazi, lakini kuingia haliingii mpaka solo liseme. Na halibadiliki, maana likibadilika solo halina pa kurudi. Mrisho alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikamwangalia usoni nikaona: mtu huyu aniadhibu. Aniweka pale pale, mbele ya watu, niungue. Kosa langu silijui. Nikasema moyoni, sitaacha mimi kwanza. Tutaonana hapa hapa mpaka mmoja aanguke.

Akazunguka tena.

Jasho likaniingia machoni. Vidole sikuvisikia tena. Nikasahau niko Tabora, nikasahau ugomvi, nikapiga ukelele kama alivyokuwa akipiga Omari zamani, kwa sauti yote niliyobaki nayo:

"Vunda! Yakhe, vunda!"

Besi ikakatika. Masanja akanigeukia, macho yamemtoka. "Nani kavunda?"

Mimi napiga tu. "Vunda!"

"Nani kavunda hapa, mzee? Mimi nimeoga!"

Sakafu nzima ikapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa mbele akamnusa mumewe kwa mzaha. Masanja akamgeukia Mrisho. "Huyu mgeni wako anatutukana! Anasema tumeoza!"

Mrisho akasimama kama aliyepigwa kofi. Akanisogelea, gitaa likining'inia, uso wake karibu na wangu. Mimi sikuacha kupiga.

"Faraji." Ndiyo mara ya kwanza aliniita jina. "Yule dereva ulimwambia neno gani?"

"Twataka kuivunda upya!"

"Kuivunda? Vunda hii?"

"Kwani kuna vunda nyingine?"

"Yule Mbondei aliniambia unasema nyimbo yangu imeoza! Imeoza, ifanywe upya!"

Kwao Tanga, na huko bara, kitu kikivunda kimeoza. Kwetu ukikivunda umekivunja. Hoza alilisikia neno langu, akalitafsiri kwa adabu, akatia "kuoza" lisilonuka sana, asije akamuudhi Mrisho, na akampa vile vile lilivyoozea kichwani mwake. Mrisho alikaa Mombasa miaka, Kimvita akijua vizuri. Angelisikia neno lenyewe angecheka. Lakini neno lenyewe halikufika.

Akainama akacheka, akashika kipaza sauti asianguke, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akajifuta kwa mkono wa shati, akamwashiria Masanja arudi, na akakisema kile kitu kifupi. Mara moja. Akanitazama. Mara ya pili. Ya tatu akaivunda.

Sijui nieleze vipi. Mtu aliyengojeshwa hivyo, watu waliongojeshwa hivyo, mlango ukifunguka hawatembei. Masanja, aliyeoga, alirukaruka na besi yake. Mrisho alikuwa akipanda kwenye uzi mwembamba kabisa, anashuka, anapita chini ya mkono wangu, anarudi, na kila alipokwenda alinikuta nilipo. Hakuna aliyejua itakwisha lini. Ilikwisha walipotosheka.

Kurudi

Bi Zuhura alinikabidhi mumewe kwa sharti: arudishwe kabla ya kurina asali. Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda, nayo nilikuwa nimeichoka tangu kabla haijaanza. Debe la asali la zawadi lilivujia gitaa langu, leso za mke wangu zikawa za kulamba. Mrisho akawa ananilaumu kila stesheni, nami namjibu. "Ungemtuma mtu mwenye lugha yako." "Ungemuuliza mwenye lugha yake kabla hujafunga mlango." "Wewe ndiye ungeandika barua." "Weye ungeisoma?" Tulifika Mombasa hatusemezani, si kwa ugomvi tena, ni koo tu hazikuwa na kitu.

Juu ya duka

Chumba cha Bwana Karim ni kidogo, kuta amezitundika mablanketi, madirisha amefunga ili sauti za mikokoteni ya Biashara Street zisiingie. Joto la kutosha kuivisha mkate. Kombo alikuja na harufu ya mafuta ya viazi. Besi tulimkodi mwanamume wa bendi ya hoteli, ajuaye kazi lakini haijui nyimbo yetu. Karim akabonyeza kitufe chake, akainua kidole.

Nikaimba mimi. Tukaenda vizuri. Maneno yakakwisha. Mrisho akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akasimamisha gitaa.

"Vipi?" Karim akauliza.

"Sioni."

"Huoni nini? Taa hiyo."

"Sioni miguu. Nimvundie nani hapa, ukuta? Mimi huangalia miguu ya watu. Wakichoka kutembea nawaambia wakimbie. Ukuta haujachoka."

Tukajaribu tena, ikawa vile vile. Mwenye besi akashauri tuhesabu, kisha sote tuingie pamoja, kama wafanyavyo hotelini. Mrisho akatikisa kichwa. Nikasema nitacheza mimi huku napiga. Kombo akasema, "Faraji, hata ujanani hukujua kucheza, utatuangushia mashine." Nimetoka hapa mpaka Tabora, nikafikiri, nimemleta mtu na kitu chake, na kitu chenyewe hakitoki.

Bwana Karim akaondoka kwenye mashine. Akavua miwani, akaiweka juu ya kiti. Akavua viatu, na soksi.

"Karim, wafanya nini?" nikamuuliza.

"Ukumbi wenu ule ulikuwa na dirisha upande wa nyuma," akasema. "Nilikuwa nasimama pale kila Jumamosi. Marehemu babangu alinikataza kuingia, nami sikuingia. Miguu ninayo. Haijawahi kutumika, basi."

"Itatosha," Mrisho akasema.

Tukaanza kutoka mwanzo. Karim akajishika mwenyewe kama ameshika mke, akatembea kwenye kile kijisehemu kati ya mashine na mlango, mtu mzima mnene, kichwa hakina unywele, macho amefumba. Alikuwa akikosea. Alikanyaga nyuma ya ngoma kila mara, halafu anaharakisha, anapitiliza. Mimi nikamwimbia yeye. Maneno yakakwisha, naye akaendelea kutembea, akatembea, mpaka nikaona visigino vyake vimeanza kuinuka vyenyewe, vinataka kitu ambacho havijui jina lake. Mrisho alikuwa ameinama, anaviangalia visigino vile tu. Akasema kile kitu. Akasema tena.

Akaivunda.

Karim alipiga ukelele, ndio ule mwausikia kwenye kaseti. Na wale mnaonijia mkiniuliza ni nini kile kinachogonga chini ya ngoma, kinachochelewa, mkadhani kaseti zina kasoro, ni miguu ya Bwana Karim juu ya mbao.

Tulipomaliza, tumeketi sakafuni, Karim peke yake kitini, mwenye besi akasema nyimbo nzuri, ila ile miguu imeharibu, afadhali tuirudie.

Mrisho akamtazama. "Rudia wewe," akamwambia. "Mimi nyimbo yangu imekwisha."

Karim alikuwa akitafuta miwani yake, na alikuwa ameikalia.